Mpini wa Jembe Langu Ulipokwenda Kucheza Gofu

Meneja hakuwa mtu wa kuingia jikoni kwa mwanamke wa kambini. Kwa hiyo siku aliposimama mlangoni pangu, akainama asigonge paji la uso, akapiga hodi kwa sauti ya upole, moyo ulinishuka. Nilijua amekuja kutuambia tufungashe. Lakini hakuniangalia mimi. Aliangalia jembe langu.

Lilikuwa limeegemea ukuta, udongo mwekundu wa asubuhi bado umelishika. Akalichukua, akalipindua chuma kikawa chini, akaanza kuukunja mpini kwa mikono miwili, polepole, jicho moja amelifumba kama mtu anayelenga ndege.

"Mama, huu mti gani?"

"Mzeituni wa porini, bwana. Ule wanaokatia marungu Wamasai."

"Umeukaushia wapi?"

Nikamwonyesha juu, darini, penye moshi. Akatazama ule weusi wa dari kama mtu aliyeonyeshwa hazina. Nyuma yake alikuwa amesimama fundi seremala wa shamba, kofia mkononi, hanitazami usoni. Nikaelewa hapo hapo kwamba jembe langu limekwisha.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, kwenye shamba moja la kahawa mteremko wa Oldeani, upande wa Karatu. Majina ya watu wote wa wakati ule ninayo. Naweza kuyataja kuanzia mlango wa kwanza wa kambi mpaka wa mwisho, na jina la mbwa wa mzee mmoja wa Kizungu pia. Lakini watoto wao wapo, tunasalimiana sokoni, wengine tunakaa benchi moja kanisani. Sitayaandika. Mwenye kujijua atajijua.

Mimi na mume wangu tulitoka upande wa Singida, tukaja kuchuma kahawa, tukabaki. Ukipewa kazi ulipewa na nyumba ya kambini, na nyuma ya nyumba kijisehemu cha kulima chakula chako. Ukifukuzwa kazi nyumba inarudi, na kijisehemu kinarudi na chochote kilichomo. Ndiyo ilikuwa sheria, hakuna aliyeiandika lakini hata mtoto aliijua. Mwaka ule nilikuwa na maharagwe yametoa maua. Maua meupe, mazuri, kijisehemu kizima. Ukiangalia maua ya maharagwe huwezi kuyala. Yanataka umngoje Mungu kidogo, na yanataka palizi. Na palizi inataka jembe.

Sasa, hiyo gofu. Mtu wa leo ataniuliza gofu ilifikaje kule. Waliileta masetla, walowezi wa Kizungu, zamani, kabla yetu. Uwanja ulikuwa malisho tu, kati ya kahawa na msitu wa kreta, lile shimo kubwa la volkano. Mashimo yalikuwa makopo ya maziwa ya unga yaliyofukiwa, na kulizunguka kila kopo palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya trekta, ukasawazishwa kwa ubao ili mpira uteleze. Nyati walishuka kutoka msituni wakaukanyaga mchanga ule, na kulipokucha kibarua alikwenda kuzifuta nyayo zao, anafuta huku anageuka nyuma. Masetla wengi walishaondoka. Alibaki mzee mmoja wa Kizungu kwenye shamba la jirani, na meneja wetu, Mtanzania aliyeletwa kutoka mbali, akaukuta uwanja, akaupenda.

Meneja hakuwa bingwa. Alikuwa mtu wa kahawa. Mchezo ule aliujua ukubwani, kama mimi nilivyojua kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, na mtu akijua kitu ukubwani hukishika kwa nguvu mno. Jumamosi asubuhi alizipanga fimbo zake juu ya meza ya waya ya kukaushia kahawa, kwa urefu, kama watoto wa shule mstarini. Anazipita moja moja. Anainua hii, anairudisha. Anaifuta ile kwa kitambaa. Anaiinua tena ya kwanza. Kahawa inasubiri jua, watu wanasubiri meza, hakuna wa kusema. Viatu alikuwa navyo vya umande na vya jua, na vingine alivyopigilia misumari mwenyewe. Mpishi wake alituambia mipira ilikuwa inawekwa karibu na jiko ipate joto, eti mpira wa baridi ni mvivu.

"Tunapika ugali na mipira pembeni," mpishi alisema. "Siku moja nitamtilia mmoja kwenye mchuzi, ajue umeiva."

Tulicheka. Lakini hatukucheka sana, kwa sababu ya swali moja ambalo meneja aliuliza kila akiwa uwanjani.

Meneja alikuwa na mtu wa kumbebea mfuko wa fimbo. Kila mara kabla ya kupiga alimgeukia. "Ipi?" Halafu mwenyewe anagusa moja. "Hii?" Na mbeba mfuko, mtu aliyelelewa vizuri kwao, anajua mkubwa akikuuliza huku ameshashika kitu mkononi hataki jibu, anataka kuitikiwa. Anaitikia: "Ndiyo, bwana." Mpira ukiruka vizuri, hodari ni meneja. Mpira ukiingia porini, hapo ndipo ilipokuwa shida. "Si wewe uliyesema ndiyo?"

Kila mwaka, mvua kubwa ikielekea kuisha, alicheza na mzee wa Kizungu mchezo wa siku moja, wa kushindana hasa. Kila mwaka alishindwa. Na kila mwaka mbeba mfuko alifukuzwa kazi. Aliyemtangulia mume wangu alikuwa Mwiraqw wa kijiji cha Buger, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Aliondoka na kuku wake kwenye tenga, mahindi yake yametoa nywele yamebaki yamesimama nyuma ya nyumba. Nyumba ile tulipewa sisi. Mahindi yale tuliyala sisi pia. Nilikuwa nikiyachoma na hayapiti kooni.

Mume wangu hakuiomba kazi ile. Alionekana ana mabega, basi akavikwa mfuko.

Kisha, mchezo ukiwa umekaribia, meneja akavunja fimbo yake kubwa, ile ya kichwa cha mbao ya kurushia mbali. Ilivunjika mti wake, kichwa kikabaki kizima. Siku zile hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sembuse mti wa fimbo ya gofu. Alituma watu Arusha, wakarudi mikono mitupu. Ndipo akaanza kupima miti. Alipima mkaratusi, akapima shina la kahawa iliyong'olewa, akapima hata fagio la ofisini. Alipita na fundi seremala kambini anakunja kila kirefu anachokiona, na kina mama walikuwa wakificha michi ya kinu wakisikia viatu vyake vya misumari. Fundi, Mwiraqw mtu mzima, alisema neno moja la kweli: mti usiokaa kwenye moshi utakusaliti. Kwa neno hilo wakaja kwangu.

Huwezi kumwelewa meneja kama hujui mwanamke anavyochagua mpini, kwa hiyo nieleze. Chuma cha jembe unakigonga kwa ukucha dukani, unasikiliza kama kinaimba. Mpini unautafuta mwenyewe. Unakwenda na panga ukingoni mwa msitu, unatazama mti uliokua kwa shida, penye mawe, kwa sababu uliokua kwa raha ni laini. Unaukata mwezi ukiwa mchanga, unaumenya, unaupandisha darini juu ya moto, unausahau misimu. Ukiushusha unaupaka mafuta ya kondoo. Kisha unaulinganisha na kiuno chako wewe, si cha jirani. Ndiyo maana mwanamke haazimi jembe wakati wa palizi. Si uchoyo. Utamrudishia mtu jembe lake na mgongo wako mgonjwa.

Kwa hiyo meneja alipokuwa anaukunja mpini wangu, jicho moja amelifumba, niliona anafanya kazi ninayoijua. Hilo halikunifariji.

"Nitauchukua, mama," akasema. "Fundi atakukatia mwingine."

Nikasema nini? Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Mume wangu aliporudi akakuta chuma cha jembe peke yake sakafuni, kimelala kama ulimi. Nilimweleza. Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaivaa, akaivua.

"Mama watoto, umempa kamba."

"Kamba gani?"

"Ya kutufungia. Mwanzo ningefukuzwa kwa sababu ya ndiyo yangu. Sasa kuna na mpini wako. Ukivunjika pale uwanjani, hata sisemi."

"Ningemkatalia na nini? Na maua ya maharagwe?"

Akaiweka kofia gotini. Kisha akasema, "Ningekuwa mimi ningempa vilevile." Huyo ndiye alikuwa mume wangu. Hakunibebesha peke yangu.

Fundi aliuranda mpini mpaka ukawa mwembamba kama kidole gumba cha mwanaume, akaukata kwa urefu wa meneja, akauingiza kwenye kile kichwa cha mbao, akaufunga kwa uzi uliotiwa nta. Ule mpini mpya alionikatia mimi ulikuwa mbichi. Nilipalilia nao safu chache, ukapinda, jembe likawa linatazama pembeni kama mbuzi mkaidi. Jirani yangu alipita akanikuta nimekaa chini nimeushika.

"Pole, shoga. Mwenzio ameenda kusoma Uzunguni, amekuachia mdogo wake mjinga."

"Nenda zako."

"Mimi nalima kwa mpini, wako unacheza. Utakuja kutualika akivikwa suti!"

Nilicheka kwa hasira, nikaendelea kung'oa magugu kwa mkono.

Siku ya mchezo ikafika. Ukungu ulishuka kutoka kreta mapema, ukapanda, ukashuka tena, kama mtu asiyejua akae wapi. Kina mama wa zamu ya chai tulikuwa kwenye kibanda cha mabati karibu na kopo la mwisho. Mimi nilikuwa mmoja wao. Birika langu lilikuwa kubwa, la watu wa mavuno.

Mzee wa Kizungu alikuja na mbwa wake na kofia tatu, akizibadilisha kwa kadiri ya upepo. Msidhani yeye alikuwa na nafuu. Mishikio ya fimbo zake ameizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, na kila akitaka kupiga anachuma majani, anayarusha juu, anayaangalia yanakoangukia, anabadilisha kofia, anabadilisha fimbo, anarudia ile ya kwanza. Watu wazima wawili, mashamba yao yamejaa kahawa, wamesimama wanabishana na majani.

"Bwana meneja, hiyo nyeusi ni nini?" mzee aliuliza, Kiswahili chake cha shamba.

"Ni mpya."

"Naona harufu ya moshi."

"Utaona na mwendo wake."

Meneja akapiga. Mpini ulitoa mlio mmoja, ko!, kama mchi umepata kinu, na mpira ukaenda ukapotea kwenye ukungu, kijana wa kuokota mipira akapiga kelele kutoka mbali kwamba ameuona katikati ya njia kabisa. Watu wakashangilia. Jirani yangu akanipiga kiwiko. "Shule imemsaidia." Mimi sikushangilia. Nilikuwa naangalia pale kwenye uzi wenye nta.

Wakaenda, wakarudi, wakazunguka tena. Kila walipopita karibu na kibanda nilimtafuta mume wangu kwa macho, na yeye hakunitazama. Mahali fulani upande wa juu mpini ulilia. Niliambiwa baadaye: si kupasuka, ni kulia, kama mlango. Meneja aliukagua mti mzima kwa ukucha. Aliulamba, wanasema, aone kama kuna ufa. Tangu hapo hakuutumia tena, akawa anatumia fimbo za chuma, na kila mara anauliza "Hii?" na mume wangu anaitikia kwa kichwa tu, kidogo, kama mtu anayefukuza inzi.

Walifika mwisho wakiwa sawasawa.

Shimo lile la mwisho lilikuwa na korongo mbele yake. Kopo liko ng'ambo, kwenye mchanga wake wa oili, na nyuma ya mchanga inaanza kahawa. Ukiwa na fimbo ya chuma unapiga mpira mfupi, unautua kabla ya korongo, kisha unavuka kwa pigo jingine. Ukiwa na fimbo kubwa unaweza kuvuka mara moja. Mzee alishapiga kwa chuma, ametulia kabla ya korongo, salama. Ilibaki zamu ya meneja.

Akasimama. Akatazama korongo. Ukungu ulikuwa unapita ndani yake kama moshi wa jiko.

"Ipi?" akasema.

Mume wangu hakujibu.

"Nakuuliza wewe. Ipi?" Na mkono wake ukaenda kwenye mpini, ukaondoka, ukaenda kwenye chuma, ukaondoka. Sijawahi kuona mkono wa mtu mkubwa ukihangaika vile.

"Bwana, mimi nabeba," mume wangu akasema.

"Sijakuuliza kazi yako."

 Pale kibandani nilikuwa nimeshika birika na mshikio wake unanichoma kiganja, sikuweza kuliweka chini. Niliyaona maharagwe yangu. Niliyaona kabisa, na maua yake, na mwanamke nisiyemjua ameinama anayachuma.

Mume wangu akaushusha mfuko begani. Akausimamisha mbele ya meneja, mdomo wake umemwelekea, akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono ameifunga mgongoni.

"Mfuko huu hapa, bwana. Fimbo zote zimo. Anayepiga ni wewe."

Hakusema kwa jeuri. Laiti ingekuwa jeuri, meneja angejua la kufanya. Alisema kwa heshima yote, na hapakuwa na ndiyo ndani yake.

Mzee wa Kizungu alivua kofia, akabaki kichwa wazi. Meneja akageuka huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mbwa. Macho yake yakafika kibandani.

"Mama! Mpini wako utashika?"

Ndiyo ilikuja mpaka kwenye meno. Mwili wangu wote ulifundishwa kuitoa. Nikisema ndiyo na ukavunjika, tumeondoka. Nikisema hapana, akapiga kwa chuma akashindwa, tumeondoka vilevile. Nilimwangalia mume wangu, naye safari hii akaniangalia.

"Bwana," nikasema, na sauti ilitoka ndogo, "kwenye udongo naujua. Huku siujui."

Basi. Hakubaki mtu wa kuulizwa. Meneja alisimama pale mpaka ukungu ukafunga ng'ambo na kufunguka. Aliutoa mpini, akaurudisha. Akatoa chuma, akakipangusa kwenye suruali, akakirudisha. Ghafla akautoa mpini kama mtu anayechomoa mwiba, akasimama, akapiga.

Ko!

Haukulia, haukupasuka. Mpira ulipanda, ukavuka korongo, ukapita juu ya kopo, ukapita juu ya mchanga, ukaingia kwenye kahawa. Watu walikwenda kuutafuta kila safu. Haukuonekana siku ile wala siku nyingine. Mzee akavuka korongo kwa pigo lake fupi, akamalizia kopo taratibu, kama mtu anayefunga mlango.

Meneja akageuka kwa mume wangu. Uso umejaa damu. Akainua kidole. "Si wewe uliyese—"

Akaishia hapo. Kidole kikabaki hewani. Alikuwa analitafuta lile neno, nani alilisema, lini, na sote tulikuwa tunalitafuta pamoja naye, na halikuwepo. Mbwa wa mzee alipiga miayo. Meneja akakishusha kidole, akakitazama, akakitia mfukoni.

"Leteni chai," akasema.

Nilimmiminia. Nikamwagia sahani.  Aliinywa amesimama hivyo hivyo, bila sukari, maana sukari haikuwepo.

Hatukujua bado. Jumapili nzima hatukujua. Mume wangu alifunga godoro kwa kamba, akalifungua, akasema mgongo unamuuma. Jumatatu asubuhi niko kwenye maharagwe nang'oa magugu kwa mkono, nikasikia gari la meneja linashuka kambini. Lilipita mlango wa kwanza. Likapita wa pili. Likasimama kwetu. Nilibaki nimeinama, magugu yamejaa mkononi, sikuweza kusimama wala kuyatupa.

Alikuja mpaka ukingoni mwa safu, hakukanyaga mmea. Ameushika mpini, ule mwembamba, kichwa cha mbao amekitoa.

"Mama, nimekurudishia."

"Ahsante, bwana."

"Najua haufai tena kwenye jembe. Nimemwambia fundi akutafutie mkavu, si ule mbichi." Akatazama maharagwe muda mrefu. "Yatakuwa tayari lini?"

"Mungu akijalia, mvua ikikatika."

"Basi mtanipa kidogo nionje," akasema, akaenda garini.

Nilikaa chini palepale katikati ya maua. Mume wangu alitoka nyumbani akanikuta, akauliza amesemaje. Nikamwambia anataka kuonja maharagwe. Akakaa na yeye. Tukaanza kung'oa magugu pamoja.

Mume wangu alibeba ule mfuko mpaka meneja alipohamishwa. Kila Jumamosi aliulizwa "Ipi?" na kila Jumamosi aliushusha mfuko, akaufungua mdomo, akarudi nyuma. Meneja aliendelea kupanga fimbo zake kwenye meza ya kahawa, na kuipasha mipira moto, na kushindwa na mzee. Mbeba mfuko hakufukuzwa tena.

Maharagwe yale tuliyavuna. Nilimpelekea bakuli, na mpishi akaniambia aliyala yote na akaomba mchuzi uliobaki.